Majilio niliyoenda kurudisha hela ya watu na jina la mtu

Naandika mapema, Dominika ya kwanza ya Majilio, zile wiki nne za kujiandaa na Noeli, mwaka huu wa 2025 inaangukia tarehe 30 Novemba, kwa sababu najua Desemba ikishashika kasi kila mtu anakuwa na yake, nguo za watoto, nauli ya kwenda nyumbani, ada za Januari zinakuchungulia, na suala la toba linasukumwa mpaka tarehe 24 jioni kwenye ile foleni ndefu ya maungamo. Mimi hiyo foleni nimesimama miaka mingi tu. Na ninachotaka kuwaambia ndugu zangu ni kwamba unaweza ukasimama kwenye foleni ya maungamo kila mwaka, ukapiga magoti, ukaondolewa dhambi, ukakomunika, na bado ukawa umekalia haki ya mtu. Mi nilikuwa hivyo karibu miaka mitano.

Kisa chenyewe kiko hivi. Mwaka 2019 nilikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa za simu hapa Morogoro mjini, pembeni nauza vocha, soda, maji na vitu vidogo vidogo. Nikamchukua binti mmoja wa Mkuyuni, kwa msiopajua ni huko upande wa milima ya Uluguru, ukitoka Bigwa unapita Kiroka ndo unafika Mkuyuni. Binti wa Kiislamu, mtulivu, mkono wake ulikuwa mwepesi kuhesabu noti kuliko wangu. Nilikuwa namlipa 80,000 kwa mwezi, anakula na kulala kwangu.

Jioni moja tunafunga hesabu, floti, yaani hela iliyoko kwenye simu ya kazi, na keshi ya droo havilingani, pungufu 340,000. Waliofanya uwakala wanaelewa hiyo maana yake nini, kwa kibanda kama changu ile ilikuwa kamisheni ya zaidi ya mwezi mzima. Tukarudia, pungufu ileile. Yule binti akaniambia, "Dada, tupitie meseji za miamala moja moja kuanzia asubuhi, itaonekana tu." Alikuwa ameshika simu ya kazi kwa mikono miwili ananipa niichukue. Nikamwambia usinifundishe kazi. Sikuichukua ile simu. Katika yote niliyofanya baadaye, na nimefanya mabaya zaidi ya hapo, hili ndo linaloniuma zaidi, kwamba ukweli nilikuwa naletewa mkononi nikaukataa kwa sababu nilishaamua mwizi ni nani.

Kesho yake nikampigia mama yake nikamwambia hela ije au mtoto aende polisi. Wiki haijaisha mjomba wake akashuka na 340,000 kamili, akanihesabia pale pale kibandani, hakusema neno zaidi ya salamu. Binti nikamfukuza. Na mshahara wake wa miezi miwili, 160,000, ambao yeye mwenyewe aliniomba nimtunzie ili anunue cherehani, sikumpa, nikasema hiyo ni fidia ya usumbufu. Alafu nikatangaza. Nilimwambia mjumbe, nikawaambia mawakala wenzangu wa barabara ile, nikaweka na picha yake kwenye kundi la wasap la wafanyabiashara wa pale mtaani, jihadharini na huyu binti, na kwenye jumuiya, kile kikundi chetu cha sala cha majirani Wakatoliki, nikaomba kabisa waniombee nimeibiwa.

Kama mnakumbuka, mwanzoni mwa 2020 laini zote zilitakiwa ziwe zimesajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ilikuwa tarehe 20 Januari. Mi nilikuwa na laini ya pili imekaa tu kwenye droo, nikaenda kuisajili isije ikafungwa, nikaangalia salio. 340,000 imekaa. Hapo ndo nikakumbuka kila kitu, asubuhi ile niliitenga hela ya mzigo wa soda, nikajiwekea kwenye laini yangu kutoka kwenye floti, nikasema keshi nitakuja kuirudishia kwenye droo, gari la soda siku hiyo halikuja, wateja wakajaa, sikuandika kwenye daftari, nikasahau kabisa. Ujumbe wa ule muamala ulikuwepo kwenye ile simu aliyokuwa ananipa.

Nikakaa kimya.

Watu watauliza kwa nini. Kwanza aibu, nilishaongea sana. Pili hela, maana ile ya mjomba nilishaizungusha. Alafu ikaja corona, biashara ikayumba, nikawa najiambia mambo yakikaa sawa nitamtafuta. Baadaye ikawa ni jambo la zamani. Hii naomba muisikie vizuri, dhambi ya namna hii inapochelewa haipungui uzito, ila wewe unaizoea, na ukishaizoea unaanza kuiona kama bahati mbaya iliyowapata watu wawili. Nilifika mahali najiambia na yeye si alishapata kazi nyingine huko. Sikuwa na uhakika wowote, nilijiambia tu.

Na kwenye maungamo nilikuwa naenda! Kila Majilio, kila Kwaresima. Nilikuwa nasema nimekuwa na hasira, nimesema uongo, nimesengenya, sijasali vizuri. Yote ni kweli. "Nimesema uongo" ile ndo nilikuwa namficha yule binti humo ndani. Tulifundishwa toka komunyo ya kwanza kwamba anayeficha dhambi kubwa makusudi hajaungama, anatoka na alichoingia nacho pamoja na kingine juu yake, lakini mi nilijidanganya kwamba si nimesema uongo, Mungu anajua ni upi.

Sasa nirudi kwenye Majilio yenyewe. Majilio siyo Kwaresima, na nadhani ndo maana toba inatupita pembeni. Hakuna Jumatano ya Majivu, hakuna mfungo ulioamriwa. Rangi ni zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, lakini Aleluya ipo, na nje huku madukani tayari kuna miti ya Krismasi na taa. Kwa hiyo mtu unapita wiki zote nne ukiwasha mshumaa wa kwanza, wa pili, na roho iko kwenye pilau. Ila ukisikiliza masomo ya Dominika ya pili na ya tatu, anayeongea pale ni Yohane Mbatizaji, na Yohane hana habari na taa.

Mwaka 2024 Majilio yalianza tarehe 1 Desemba na ndo tulikuwa tunaingia Mwaka C, mwaka ambao Injili nyingi za Dominika zinatoka kwa Luka. Dominika ya tatu ikawa tarehe 15. Hiyo ndo Dominika ya furaha, padre anavaa rangi ya waridi, somo la kwanza Sefania anamwambia binti Sayuni aimbe, Paulo anawaambia Wafilipi furahini katika Bwana siku zote. Alafu Injili, Luka 3 kuanzia mstari wa 10. Makutano wanamuuliza Yohane, tufanye nini basi? Nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Huwa naishia kwenye zile kanzu mbili, mwenye nazo ampe asiye nayo, nikikumbuka nguo zangu za kugawa kwa wahitaji najisikia vizuri. Safari hii nikasikia mpaka mwisho. Watoza ushuru wakaambiwa msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa. Askari nao wakaja, na wao wakaambiwa, "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu."

Dhuluma, mashtaka ya uongo, mshahara. Vyote vitatu kwenye mstari mmoja, Dominika ya furaha. Sikumsikia padre kwenye mahubiri, kwakweli sijui alihubiri nini. Kitu nilichokiona siku hiyo, na naamini ni Roho Mtakatifu alinionyesha, ni kwamba Yohane hakumwambia hata mmoja wao aende akajisikie vibaya. Kila mtu aliambiwa kitu cha kufanya, na kilikuwa kwenye kazi yake, pale pale anapokosea. Mi nilikuwa nimejisikia vibaya kwa miaka mingi na nilikuwa nadhani kule kujisikia vibaya ndo toba.

Wiki ileile, siku ya kawaida baada ya Misa ya asubuhi, nikamfuata padre nikaomba muda. Hapa nawapa ushauri wa kwanza. Kama una jambo zito usiende tarehe 23 au 24. Mapadre siku hizo wanakaa kitini masaa, nyuma yako kuna watu wengi, hata wewe mwenyewe utafupisha. Omba muda wako, sema tu Padre nahitaji kuungama na nitachukua dakika kadhaa. Mi sikukataliwa. Na kama unaona aibu kwa sababu padre wa parokia yako anakujua mpaka watoto wako, nenda parokia nyingine, inaruhusiwa kabisa. Padre amefungwa na siri ya maungamo, hawezi kuisema kwa sababu yoyote ile. Mimi nayasema ya kwangu kwa sababu ni ya kwangu.

Ushauri wa pili, useme dhambi kwa jina lake. Mi nilianza kuzunguka, oh Padre kulikuwa na kutoelewana na mfanyakazi, hesabu zilichanganyikana, akanikatisha kwa upole akasema, mama, wewe ulifanya nini? Ndo nikasema. Nilimsingizia mtu wizi, nikachukua hela kwa ndugu zake, nikamnyima mshahara, nikajua ukweli nikanyamaza. Sentensi fupi tu. Nililia sana, ila nawaambia wazi ile sentensi ilikuwa na faida kuliko machozi.

Hakunigombeza. Aliniuliza maswali. Hela umeirudisha? Huyo binti yuko wapi? Waliomsikia akiitwa mwizi ni kina nani? Hilo la tatu sikulitegemea. Alinieleza kwamba maondoleo yanafuta dhambi, lakini hayaponyi madhara yote iliyoyaleta. Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 1459 inasema hivyo wazi, inabidi ufanye linalowezekana kurekebisha, kurudisha kilichoibwa, kurudisha sifa ya uliyemsingizia, kulipa fidia. Na namba 2487 inakwenda mbali zaidi, kwamba wajibu huo unabaki hata kama umeshasamehewa. Alafu akanikumbusha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake kumo kwenye orodha ya dhambi zinazolia mbinguni, pamoja na damu ya Abeli. Nilikuwa nalijua hilo tangu mafundisho ya kipaimara, sijawahi kulihusisha na zile 160,000.

Akasema kama nina nia ya kweli ya kwenda kurudisha ataniondolea, na kitubio changu kikawa Zaburi ya 51 na kwenda. Ile sala ya kutubu tunayoisema haraka haraka, "sitaki kukosa tena, nitafanya kitubio, naomba neema yako nipate kurudi", siku ile niliisema taratibu sana.

Basi kuna kazi ya kumwambia mume. Wengi hapa ndo wanakwama, maana hela ya kurudisha inatoka kwenye nyumba ya watu wawili. Mume wangu alikasirika. Alisema mambo yamelala unayaamsha ya nini, na Noeli hii watoto watavaa nini. Nilimwelewa, sikubishana naye. Nilitoa akiba yangu ya kikoba tuliyogawana mwezi huo, 500,000, ile ile niliyokuwa nimeipangia nguo na vitu vya shule. Ilikuwa ni 340,000 na 160,000, kamili. Asubuhi yake mume akanipa 50,000 ya nauli na kuongezea, akasema nenda, ila usiende peke yako.

Na hilo ni la msingi, usiende peke yako. Nilienda na mama mmoja mtu mzima wa jumuiya yetu, nilimweleza yote kabla hatujapanda gari. Mtu mzima akiwepo, wale unaowaendea wanaona umekuja kwa heshima, na wewe unaogopa kupunguza maneno. Padre alinionya pia nisibebe zawadi, mchele, sukari, kitenge, vitu vya kulainisha. Alisema ukienda na zawadi na deni mkononi mwenye haki yake atachanganyikiwa, atashindwa kukukasirikia na hasira ni haki yake. Nilikuwa nimeshanunua kilo tano za mchele, nikaziacha nyumbani.

Kwa nini nisitume tu kwa simu? Nimeulizwa sana hili. Namba ya mama yake nilikuwa nayo, kutuma ni dakika moja, tena mimi wakala. Lakini hela inayoingia kwenye simu bila mtu haijasema kitu. Yule mjomba alipanda gari akaja kunihesabia mkononi, na mimi nilitakiwa nipande gari.

Ilikuwa mvua za vuli, barabara ina matope, machungwa na mananasi yamepangwa pembeni njia nzima. Tulimkuta mama anapeta mchele kwenye ungo barazani. Nikamwambia shikamoo mama. Akaitika, hakunitambua. Mama yule niliyeenda naye akanitambulisha, ungo ukasimama. Akaita mtoto amfuate mjomba shambani, akasema hayo mambo mjomba mtu ndo aliyabeba, msiongee mpaka aje. Waluguru na mjomba mnajua, ukoo unafuata upande wa mama, mjomba ndo mwenye sauti. Tukakaa pale zaidi ya saa nzima, tumepewa maji ya kunywa, hakuna anayeongea.

Binti hakuwepo. Yuko Oman, Muscat, anafanya kazi za ndani. Mama yake alisema alirudi mjini akatafuta kazi kwenye maduka na vibanda, kila anapoanza siku mbili tatu anaambiwa asirudi, mtu fulani ameonyesha picha. Mwisho akasema bora aende huko mbali ambako hawamjui. Sina la kuongeza hapo. Ile picha niliituma mimi.

Mjomba alipokuja nilisema nilichojipanga kusema na sikuongeza maelezo. Hili pia nawaomba sana, usieleze hesabu ilivyopotea, sijui gari la soda, sijui laini ya droo, mpaka wakuulize. Ukianza na maelezo unaomba uhurumiwe kabla hujaomba radhi. Nilisema mwanenu hakuiba, hela ilikuwa kwangu, niligundua Januari 2020 na nikanyamaza, nimekuja kurudisha na kuomba radhi. Nikaweka bahasha juu ya mkeka.

Mjomba akahesabu. Akatenga 340,000 upande mmoja, mshahara upande mwingine, akamkabidhi mama mtu ule wa mshahara. Kisha akaniambia ile hela aliipataje. Aliuza machungwa yote yakiwa bado mtini, machanga, kwa mchuuzi, kwa bei ya mtu mwenye shida, na msimu ulipofika mchuuzi akavuna zaidi ya mara mbili ya ile hela huku yeye anatazama. Alisema bila kupaza sauti. Alafu akasema, "Sisi tunafundishwa haki ya Mungu Mungu anasamehe, haki ya mja haifutiki mpaka mja mwenyewe aridhie. Kwa hiyo umefanya vizuri kuja, ila hujamaliza." Nikawa nawaza padre wangu na mzee huyu wa Kiislamu hawajawahi kuonana na wameniambia kitu kimoja.

Nikakumbuka Zakayo, "namrudishia mara nne". Zamani nilikuwa naona Zakayo anajionyesha mbele ya Yesu. Kumbe kwenye Kutoka 22 aliyeiba kondoo ndo alipaswa kulipa wanne kwa mmoja, yaani alikuwa anajihukumu kwa sheria nzito ya mwizi. Deni halihesabiwi kwa kilichoingia kwako, linahesabiwa kwa kilichotoka kwa mwenzio. Nilimwahidi mjomba nitalipa hasara ya machungwa, tukakubaliana 400,000 kwa awamu, yule mama wa jumuiya akawa shahidi. Nilimaliza baada ya Pasaka ya 2025. Kuna miezi nilituma 40,000 na nilikuwa naumia kweli, sitadanganya, kuna siku nilinung'unika kwamba si ningelipa ile 340,000 tu ingetosha. Mwaka huo ulikuwa wa Jubilei, mwaka mtakatifu wa Kanisa, Papa Fransisko alikuwa amefungua Mlango Mtakatifu tarehe 24 Desemba 2024, na kila nikisikia Walawi 25 ikisomwa, kila mtu airudie milki yake, nilikuwa naona miti ya machungwa ya Mkuyuni.

Nirudi kwenye siku ile tuliyoenda Mkuyuni, kabla hatujaondoka mama alimpigia binti kwa wasap. Akanipa simu. Nikasema niliyoyasema. Kimya, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Dada nimesikia. Hela mpe mama. Mimi nataka uende ukawaambie wale uliowaambia." Akaniaga, akakata.

Kurudisha hela ni rahisi, narudia, kurudisha hela ni rahisi. Kurudisha jina la mtu ndo kazi. Padre alishaniuliza waliosikia ni kina nani, nikaketi jioni hiyo na karatasi nikaandika. Mjumbe. Mawakala wa barabara ile, wawili walishahama. Kundi la wasap. Jumuiya. Shemeji yangu. Mwenye duka la nguo aliyemfukuza baada ya kuona picha. Kanuni niliyojiwekea, na nawashauri muitumie, ni kwamba pale uongo ulipopita kwa mdomo ukweli nao upite kwa mdomo, ulipopita kwenye kundi upite kwenye kundi hilohilo, na uwe wazi kama ulivyokuwa uongo. Usiandike "kama kuna niliyemkwaza anisamehe", hiyo haimrudishii mtu chochote. Niliandika jina langu, nikaandika kwamba binti niliyeweka picha yake mwaka 2019 hakuiba, hela nilikuwa nayo mimi, nimeirudisha. Picha yake sikuiweka tena, nisimtembeze upya.

Jumamosi ile kabla ya Dominika ya nne nikasema kwenye jumuiya. Wengine walinishika mkono. Mmoja alisema mbele ya watu kwamba natafuta sifa za kuonekana mtakatifu. Wateja walipungua, maana mtu akisikia wakala alikaa na hela isiyo yake anapeleka hela yake kibanda cha jirani, na ana haki. Biashara ilichukua miezi kurudi na haijarudi yote. Mume alikuwa amenionya hilo likatokea. Sijui kama ningeenda endapo ningejua mapema gharama yote, naomba tu Mungu kwamba ningeenda. Mjumbe ndo alinisaidia sana, aliniambia leta simu, akamtumia binti voisi mwenyewe, kwamba mimi mjumbe wako wa mtaa ule nimesikia, na watu wote wamesikia, ukija pita ofisini kwangu.

Misa ya mkesha wa Noeli watoto walivaa nguo za mwaka jana. Nilikomunika. Sitaki kuwaambia nilijisikia mwepesi kama watu wanavyosimulia, sikuwa hivyo, nilikuwa nawaza mtu yuko Muscat anafua nguo za watu usiku. Lakini nilipofika pangoni kwa Mtoto Yesu hapakuwa na kitu nilichokuwa namficha, na hilo kwangu ni kubwa, sijalipata kwa miaka yote mitano ya foleni.

Mpaka ninapoandika, yule binti hajaniambia kwamba amenisamehe. Salamu anaitikia. Kuna mwezi alinitumia picha ya cherehani, ameinunua ameituma kwao, hakuandika kitu chini yake. Nilijifunza kutomuuliza. Mtu akienda kuomba radhi kipindi cha Majilio kuna ile presha ya "ni Noeli tusameheane", na wapo wanaoambiwa na ndugu na hata viongozi wa jumuiya wasamehe haraka ili wakomunike vizuri. Msiwafanyie watu hivyo. Wewe uliyekosa una tarehe, mwenzio hana.

Naomba nijibu na machache ninayoulizwa faraghani. Kama uliyemkosea ameshafariki, haki yake iko kwa warithi wake, nenda kwao, na kama hawapatikani kabisa mweleze padre, kawaida utaelekezwa uitoe kwa maskini na kumwombea marehemu. Kama huna hela, nenda useme na mpange awamu, usisubiri ijae, mi nilisubiri ijae miaka mitano na haikujaa. Kama kwenda kwako kutamuumiza mtu upya, mfano mambo ya ndoa, au mtu uliyemfanyia ukatili ambaye hataki hata kukuona, usiende kichwa kichwa, zungumza na padre kwanza, kuna vitu vinarudishwa kwa kupitia mtu mwingine au kimya kimya. Na kama ni wewe unayeshikilia mshahara wa dada wa kazi, au umemkata hela ya sahani iliyovunjika, hilo halihitaji hata kusubiri maungamo. Mpe leo kabla hajapanda gari la kwenda kwao sikukuu.